Spence na Crawford: kwa nini pambano lililosubiriwa miaka likawa la upande mmoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mabondia Wamarekani Errol Spence na Terence Crawford walipanda ulingoni T-Mobile Arena, Las Vegas, usiku wa Julai 29, 2023. Kwa saa za Uganda ilikuwa karibu saa moja asubuhi ya Jumapili, Julai 30. Watu walitarajia raundi 12 za kukabana koo. Walichokiona ni bingwa mmoja akimfundisha bingwa mwenzake. Tangu siku hiyo maswali hayajaisha, kwenye vibanda vya video na kwenye klabu za ngumi vilevile. Haya ndiyo yanayorudi zaidi, pamoja na majibu.

Kwanza, nini hasa kilitokea?

Crawford alishinda kwa TKO (refa kusimamisha pambano kwa sababu mmoja hawezi tena kuendelea) raundi ya 9, ikiwa dakika 2 na sekunde 32. Refa Harvey Dock alisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 28 raundi iishe. Kabla ya hapo Spence alikuwa ameshaanguka mara tatu: mara moja raundi ya 2, mara mbili raundi ya 7. Kabla ya usiku huo hakuwahi kuangushwa katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa.

Hesabu ya ngumi inasema zaidi ya matokeo yenyewe. Crawford alirusha ngumi 369, zikafika 185. Spence alirusha 480, zikafika 96. Kwa maneno mengine, aliyefanya kazi nyingi zaidi ndiye aliyeumia. Kila ngumi mbili za Crawford, moja ilifika. Spence alihitaji kurusha tano ili ifike moja.

Kwa nini lilisubiriwa hivyo?

Spence alikuwa na mikanda mitatu ya uzito wa welta, pauni 147 (kilo 66.7): WBC, WBA na IBF. Crawford alikuwa na wa WBO. Hayo ndiyo mashirika manne makubwa ya ngumi duniani. Spence hakuwa amepoteza katika mapambano 28, Crawford katika 39. Mazungumzo ya kuwakutanisha yaliwahi kuvunjika mwaka 2022, na yalipovunjika hamu iliongezeka. Ilikuwa mara ya kwanza mikanda yote minne ya welta kuwekwa mezani pamoja. Crawford aliposhinda akawa mwanaume wa kwanza kuwa bingwa asiyepingika katika uzito wa aina mbili tangu mikanda ianze kuhesabiwa minne. Uzito wa kwanza ulikuwa pauni 140, alipomwangusha Julius Indongo wa Namibia mwaka 2017.

Tuambieni sababu moja kubwa, si kumi.

Jabu, yaani ngumi nyoofu ya mkono wa mbele. Spence alinyang'anywa jabu yake, na bila jabu hana njia ya kuingia kazini.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu watazamaji wengi hukumbuka ngumi zilizomwangusha na kusahau zilizozitangulia. Spence ni mashoto: mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia mbele. Kazi yake kubwa ni kumsukuma mpinzani nyuma kwa jabu ya kulia, jabu nyingi, nzito, mfululizo, mpaka mpinzani afunge mikono usoni. Mikono ikishafunga, Spence anashuka mwilini kwa kushoto. Raundi ya 4 au ya 5 mpinzani anaanza kupumua kwa mdomo, na kuanzia hapo pambano ni la Spence. Ndivyo alivyowamaliza wengi. Jabu ndiyo mlango wa nyumba yake yote.

Crawford anaweza kupigana kwa mikono yote miwili, lakini usiku ule alichagua kusimama mashoto pia. Wakisimama hivyo, mkono wa mbele wa mmoja unaelekeana na mkono wa nyuma wa mwenzake. Jabu inapita katikati bila kizuizi, na hilo ni zuri na baya kwa wote wawili: ni rahisi kupiga, ni rahisi pia kujibiwa. Mwenye jabu bora ndiye anayemiliki katikati. Kwa asili Crawford ni mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo akisimama mashoto mkono wake wenye nguvu na ustadi ndio unaotangulia. Jabu yake haiwi ya kupimia umbali tu, inagonga. Ongeza urefu wa mikono: inchi 74 kwa Crawford, 72 kwa Spence, ingawa Spence ndiye mrefu wa kimo.

Sasa tazama kiganja cha kushoto cha Crawford, mkono ule wa nyuma. Hakukifungia shavuni. Alikiacha wazi mbele kidogo ya kidevu, kama mtu anayesubiri kudaka mpira. Jabu ya Spence ilipokuja, kiganja kiliinasa bila kuifuata, na glavu ya Spence ilipokuwa inarudi, jabu ya Crawford ilikuwa njiani tayari. Spence ana tabia ya kurudisha mkono wake wa kulia chini kidogo, chini ya bega, na ana tabia ya kulaza uzito kwenye goti la mbele ili ngumi yake iwe nzito. Tabia zote mbili hazikuwa tatizo kwa mpinzani anayerudi nyuma. Kwa mpinzani anayejibu papo hapo, ni uso ulioletwa mezani.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa raundi ya 3 Spence alikuwa na chaguo mbili mbaya: arushe jabu na ajibiwe, au asirushe na asiweze kuingia. Alichagua kuendelea kurusha, na ndiyo maana ana ngumi 480. Moyo wake haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni njia.

Lakini kilichomwangusha raundi ya 2 kilikuwa bahati, au sivyo?

Hapana. Raundi ya 1 Spence alibana na kusukuma alivyozoea. Raundi ya 2 ilipoelekea mwisho akaingia tena kwa mwendo uleule. Crawford akampokea kwa ngumi nyoofu ya kushoto, na kabla Spence hajakaa sawa miguuni, ikafuata jabu ya kulia. Jabu ndiyo iliyomwangusha. Jabu huangusha mtu pale tu miguu yake inapokuwa imefungana au uzito wake umeshatoka kwenye nyonga, na hivyo ndivyo ngumi nyoofu ilivyokuwa imemwacha.

Raundi ya 7 ni sura ileile kwa ngumi nyingine. Kufikia wakati huo Spence alikuwa anainamisha kichwa kabla ya kuingia ili aikwepe jabu. Crawford akabadilisha: badala ya kupiga mbele, akapiga kutoka chini, apakati fupi ya kulia ambayo haikusafiri hata nusu ya urefu wa mkono. Spence alijiingiza mwenyewe ndani yake. Raundi ileile ikielekea mwisho akaangushwa tena kwa ngumi ya pembeni ya kulia. Ngumi za aina tatu, na zote tatu zilizomwangusha zimetoka mkono uleule wa mbele. Huo ndio ushahidi bora kwamba vita vilikuwa vya mkono wa mbele.

Kwa nini Spence hakubadilisha mpango?

Zilikuwepo njia. Angeweza kumkumbatia Crawford kila anapoingia, ili majibu yasipate nafasi. Angeweza kurusha jabu za uongo, mbili bila kufika, ili kiganja kile kidake hewa. Angeweza kuanza na mwili badala ya kichwa. Angeweza kutembea kwenda nje ya mguu wa mbele wa Crawford badala ya kumwendea moja kwa moja.

Kila moja ina bei. Kumkumbatia mtu kunataka uwe umeshafika karibu bila kuumizwa. Jabu ya uongo inataka mtu anayeamini kwamba ya kweli itauma, na Crawford alishaona kwamba haifiki. Kuanza na mwili kunashusha mikono yako yote miwili mbele ya bondia anayejibu haraka kuliko wewe. Kubadilisha mwendo wa miguu katikati ya pambano ni jambo la miezi, halijengwi kwenye kiti cha kona kwa sekunde 60.

Halafu kuna jambo ambalo makocha wote wanalijua: bondia ambaye kwa mapambano 28 kubana kumemfanyia kazi, akiumia anabana zaidi. Mwili unarudi kwenye kile unachokiamini.

Uzito ulimmaliza?

Ulichangia. Sisi hatuuweki mbele ya jabu. Spence ni mkubwa kwa pauni 147, na baada ya kupoteza alisema marudiano yangefaa yawe pauni 154 (karibu kilo 69.9). Hilo linaonyesha alikuwa anabanwa na mizani.

Hesabu ya kushusha uzito iko hivi. Chukua bondia anayetembea na kilo 76. Ili asome 66.7 lazima apoteze kilo 9.3. Tano au sita zinaweza kutoka polepole kwa chakula na mazoezi ya wiki nane hadi kumi. Zilizobaki, tatu au nne, hutoka kwa maji wiki ya mwisho: kupunguza chumvi, kupunguza maji ya kunywa, kukimbia na nguo nzito, kukaa kwenye maji moto au sauna. Akishapima anatakiwa kurudisha takribani lita moja na nusu kwa kila kilo ya maji iliyotoka. Kwa kilo 4 hiyo ni lita 6, na ziingie kidogokidogo, zikiwa na chumvi na sukari. Akinywa maji matupu kwa pupa, anayakojoa, na asubuhi ya pambano bado ni mkavu.

Mtu mkavu huonekanaje? Miguu inachoka kabla ya mikono. Anaanza kubandika nyayo chini badala ya kudunda. Anachelewa nusu sekunde kurudisha mkono. Ukimtazama Spence kuanzia raundi ya 5 utaona vitu vya namna hiyo, lakini tahadhari: bondia aliyeangushwa raundi ya 2 naye huonekana hivyohivyo, hata kama alipima bila jasho. Kuzitenganisha sababu hizo mbili kwa macho ya televisheni haiwezekani. Jabu yake ilikuwa inanaswa tangu mwanzo, miguu ikiwa bado mipya, na ndiyo sababu tunaanzia hapo.

Na ile ajali ya gari? Na jicho? Na kukaa muda mrefu bila kupigana?

Ajali ilikuwa Oktoba 2019, Dallas. Gari lilipinduka na Spence akarushwa nje. Baada yake alimshinda Danny Garcia Desemba 2020. Agosti 2021 alijitoa kwenye pambano la Manny Pacquiao kwa sababu ya jicho lililopasuka retina, akafanyiwa upasuaji, kisha Aprili 2022 akamsimamisha Yordenis Ugas raundi ya 10. Kwa hiyo anayesema mtu huyu alikwisha tangu 2019 ana deni la kueleza ushindi huo wa pili.

Muda wa kukaa nje ni hoja nzito zaidi. Kutoka Aprili 2022 hadi Julai 2023 ni miezi 15. Crawford alikuwa amepigana Desemba 2022, miezi 7 tu nyuma. Ukikaa nje unapoteza kwanza kile ambacho sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) haiwezi kukupa: kukadiria umbali na wakati dhidi ya mtu anayetaka kukuumiza kweli, na glavu za aunsi 8 badala ya 14 au 16 za mazoezini. Aunsi 8 ni kama gramu 227. Glavu ndogo inapita kwenye upenyo ambao ya mazoezi ilikuwa inakwama. Bondia anayetegemea kubana ndiye anayeadhibiwa zaidi na jambo hili.

Odi (makadirio ya kampuni za kubeti) zilikuwa karibu sawa. Basi waliozipanga hawajui ngumi?

Wanajua. Tatizo ni namna tunavyozisoma. Crawford alipewa nafasi kubwa kidogo tu. Odi zinazokaribiana zinasema ni vigumu kujua *nani* atashinda. Hazisemi pambano litakuwa la kubanana. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mabondia wawili wakali wenye mitindo inayogongana wanaweza kuwa na nafasi sawa kabla ya kengele, na bado yeyote atakayetangulia kupata ufunguo akafunga mlango moja kwa moja. George Foreman na Joe Frazier walipokutana Kingston, Jamaica, Januari 1973, wote walikuwa hawajapoteza. Frazier alianguka mara sita ndani ya raundi mbili. Mwaka uliofuata, huko Kinshasa, Foreman huyohuyo akaangushwa na Ali raundi ya 8.

Kwa wanaobeti: ukitabiri pambano "la karibu" kwa sababu odi ziko karibu, unatabiri kitu ambacho odi hazijasema.

Kadi za majaji zilisomeka 79-70. Inatoka wapi?

Majaji wote watatu walikuwa na namba hiyo baada ya raundi 8. Mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake 9. Kila kuanguka huondoa pointi moja zaidi. Kwa hiyo raundi ya 2 ni 10-8, raundi ya 7 yenye kuanguka mara mbili ni 10-7. Kama Crawford angechukua raundi zote nane ingekuwa 80-69. Kilichomfanya awe na 79 na Spence 70 ni raundi moja tu ambayo Spence aliipata. Moja kati ya nane, kwa kila jaji. Ni nadra majaji watatu kukubaliana hivyo.

Liliuzwa?

Hapana. Bondia anayeuza pambano hamezi ngumi 185 na kusimama mara tatu baada ya kuanguka. Anatafuta pa kulala mapema. Pia Spence ndiye aliyekuwa na mikanda mitatu na haki ya kudai marudiano. Alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Maneno "wameuza" hutoka haraka mdomoni pale mtu tuliyempenda anapopigwa vibaya, na yanamnyima aliyepigwa heshima ya ujasiri wake.

Je, walichelewa kulisimamisha?

Hapa tunasema wazi: kona ya Spence (kocha na wasaidizi wake) ingefaa ilimalize baada ya raundi ya 7. Dakika moja ya mapumziko haitoshi kumrudisha mtu aliyeangushwa mara mbili ndani ya dakika tatu.

Katika sekunde hizo 60 kona ina kazi nyingi. Kiti kinaingia, kinga ya meno inatolewa na kuoshwa, chuma baridi kinakandamizwa juu ya uvimbe chini ya jicho, vaselini inapakwa, na kama kuna mpasuko kijiti cha pamba chenye adrenalini kinashikiliwa ndani yake. Muda wa kuzungumza unaobaki ni kama sekunde 20. Ndani yake kocha anatakiwa aulize swali moja linalohitaji jibu la kweli, kwa mfano: "Jabu yake inatoka upande gani?" Asiulize "Uko sawa?" Bondia yeyote atajibu yuko sawa. Akishindwa kueleza kinachompiga, taulo.

Refa Dock alifanya kazi yake vizuri. Alimpa bingwa nafasi ya bingwa, na alipoona Spence hajibu tena aliingia kati.

Na mabondia wetu wa Uganda? Yaliwahi kuwakuta?

Ndiyo, na ni vizuri kuyatenganisha, kwa sababu watu huyachanganya yote kuwa "alipigwa Amerika".

John Mugabi dhidi ya Marvin Hagler, Machi 10, 1986, *halikuwa* la upande mmoja. Liliahirishwa kutoka Novemba 1985, Mugabi alipanda kutoka pauni 154 hadi 160, na wapinzani wake wote wa kabla ya hapo alikuwa amewamaliza kwa nokauti. Hagler alimwangusha raundi ya 11, lakini kabla ya hapo Hagler mwenyewe alipigwa kama alivyopigwa na wachache. Kilichomchosha Mugabi ni raundi. Mtu ambaye wapinzani wake wote wamelala mapema hajawahi kujifunza raundi ya 10 ina ladha gani.

Mugabi dhidi ya Terry Norris, Machi 31, 1990, huko Tampa, *lilikuwa* la upande mmoja: nokauti raundi ya 1, na mkanda wa WBC ukaenda. Sababu inafanana na ya Spence kuliko tunavyopenda kukiri. Mugabi alikuwa anaingia moja kwa moja na uzito mbele, dhidi ya kijana mwenye mkono wa kulia wa haraka.

Ayub Kalule, naye mashoto, alikwenda Houston Juni 25, 1981 akiwa hajapoteza katika mapambano 36, na Sugar Ray Leonard akamsimamisha raundi ya 9. Anayeliita lile la upande mmoja hajalitazama. Justin Juuko dhidi ya Floyd Mayweather, Mei 1999, raundi ya 9: hilo ndiyo, kasi ilikuwa ya dunia mbili.

Kama Crawford ni mkali hivyo, mbona mwaka mmoja baadaye alipata shida?

Agosti 3, 2024, Los Angeles, alipanda hadi pauni 154 na kumshinda Israil Madrimov kwa pointi: 115-113, 115-113, 116-112. Madrimov alifanya kile ambacho Spence hakufanya. Hakubana. Alicheza na mabega na miguu, akaingia na kutoka kwa mapigo yasiyofanana, na mara nyingi akasubiri. Bondia anayeishi kwa kujibu akikosa cha kujibu, kazi inapungua. Mtindo ndio uliobadilika mbele yake.

Mimi ni kocha wa klabu. Nawezaje kufundisha ule mnaso wa jabu?

Unahitaji mabondia wawili wanaosimama upande mmoja, glavu za aunsi 14 au 16, kinga za kichwa na meno, na tepu ya kubandika sakafuni. Bandika mstari mmoja. Mguu wa mbele wa kila mmoja ukae kwenye mstari huo, wakiwa kwenye umbali ambao jabu ya anayerusha inagusa kidevu bila kuinama.

Wiki ya kwanza: raundi tatu za dakika tatu. Mmoja anarusha jabu kwa nusu ya kasi, mwingine ananasa tu kwa kiganja cha mkono wa nyuma. Kiganja kiwe upana wa kiganja kimoja mbele ya kidevu, yaani sentimita 8 hadi 10. Hajibu. Badilishaneni.

Wiki ya pili: ananasa na kujibu kwa jabu. Jibu liondoke wakati glavu ya mwenzake inaanza kurudi. Ukisikia sauti mbili zilizoachana, "pa… pa", amechelewa. Inatakiwa "papa".

Wiki ya tatu: anayerusha achanganye, jabu moja kati ya tatu iwe ya uongo. Hapa ndipo utajua nani amejifunza na nani amekariri.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza na baya zaidi ni mkono kuifuata ngumi. Bondia ananyoosha kiganja kwenda kuikutana njiani, na upande wote wa kidevu unabaki mtupu kwa ngumi ya pembeni. Dawa: bana karatasi au kitambaa kati ya kiwiko cha nyuma na mbavu, kikianguka, ameunyoosha. La pili ni kupepesa macho. Dawa yake ni muda tu, na kupunguza kasi. La tatu ni kurudi nyuma wakati wa kunasa. Akirudi, jibu lake halifiki, na mstari wa tepu utamwumbua.

Tafuteni pia mashoto. Klabu nyingi zina mmoja au hazina kabisa, na bondia anakutana na mashoto wa kwanza siku ya pambano. Kama Naguru, Kampala, kuna mashoto na kwenu hakuna, pandeni boda Jumamosi mkafanye sparingi.

Kwa nini mapambano mengi ya hapa kwetu nayo yanaisha upande mmoja?

Mara nyingi sababu ziko kwenye meza ya kupanga pambano, wiki sita kabla. Mpinzani aliyeahidiwa anajitoa, analetwa mwingine zikiwa zimebaki siku nne. Au majina yanauzika lakini mmoja hajapanda ulingoni mwaka na nusu. Au mtu aliyezoea raundi tatu za ridhaa anapangiwa nane za kulipwa.

Promota anayetaka pambano la kweli aulize mambo manne, na aandike majibu: pambano la mwisho lilikuwa lini, raundi ndefu zaidi aliyowahi kufika ni ipi, anasimama upande gani na amewahi kukutana na mashoto, na leo ana kilo ngapi. Hili la mwisho lipimwe kwa mizani, lisichukuliwe kwa simu. Katika mapambano ya ubingwa ya WBC, siku 30 kabla bondia hatakiwi kuzidi uzito wake kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa welta hiyo ni kilo 73.3. Kipimo hicho kinafaa hata kwa pambano la utangulizi Lugogo, Kampala. Anayesoma kilo 77 siku hiyo, mwambieni apande uzito wa juu kabla tiketi hazijachapwa.

Nikilitazama tena, nitazame nini?

Zima sauti. Watangazaji hufuata ngumi zinazofika, na wewe unataka kuona zile zinazozuiwa. Raundi ya 1 mtazame Spence peke yake, uone anavyokuwa akiwa sawa. Kuanzia ya 2, weka macho kwenye kiganja cha kushoto cha Crawford na usikitoe. Hesabu ni mara ngapi kinanasa ndani ya dakika moja. Kisha rudi mwanzo wa raundi ya 7 na utazame goti la mbele la Spence: kila linapokunja zaidi, kichwa kinashuka. Apakati ile inakuja wakati goti limekunja mara ya kutosha, na ukishaiona kwa mwendo wa polepole utagundua mkono wa Crawford ulianza kushuka kabla Spence hajaanza kuinama.